UZI: Redio ya kinyozi ilikoroma kila simu ikichomekwa. Nilivyoikimbiza kelele ya bodi ya kushusha volti

#1 FundiWaArua (mleta uzi)

Wadau, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye chai aiweke karibu.

Nina kibanda cha redio na sola hapa Arua, Uganda. Jirani yangu ni kinyozi. Juu ya bati ana paneli ya wati 100, chini ya benchi betri ya volti 12, na kwenye rafu redio ya mezani ya kizamani, ile ya kula mawe makubwa sita (Waganda mawe ya redio huyaita makaa, na naona wamepatia kuliko sisi). Wateja wakaanza kumwomba awachajie simu wakiwa wananyolewa, shilingi 500 kwa simu. Akaniita. Nikamfungia bodi ndogo ya kushusha volti, yenye chipu ya LM2596, ile yenye skrubu ya shaba ya kurekebishia volti, nikaiweka 5.1, nikatoa matundu mawili ya USB, nikalipwa, nikaenda zangu.

Jioni ileile kaja mlangoni kwangu na kitana mkononi. "Fundi, umeniulia redio."

Nikaenda kusikiliza. Radio Pacis, 90.9, ya hapahapa mjini, ilikuwa bado inasema, ila nyuma ya mtangazaji kuna mtu anakaanga samaki. Stesheni za mbali, zile za ng'ambo ya mpaka ambazo wateja wake Wakongomani wanazifuata, hazipo kabisa. Nikahamia AM: miluzi kila sehemu ya kioo. Chomoa simu, kimya kinarudi. Chomeka, samaki wanarudi kikaangoni.

Nilianza na kile ambacho mafundi wengi tunaanza nacho: kapasita. Nikaweka 1000 µF kwenye tokeo la bodi. Vilevile. Nikaweka 2200. Vilevile. Nikaizungushia bodi karatasi ya fedha ya kufungia chakula. Vilevile. Kinyozi ananitazama kama mtu aliyelipa mganga na mgonjwa bado anatapika.

Usiku nimelala ndipo likanijia, nikaona aibu peke yangu gizani. Redio ile haijaungwa na sola hata kwa uzi mmoja. Inakula mawe yake yenyewe. Sasa kapasita ya 2200 kwenye tokeo la chaja inamsaidiaje mtu ambaye hajaungwa na chaja? Kelele ilikuwa inapita hewani, na mimi nilikuwa nalinda mlango wakati mwizi anaingilia dirishani.

Asubuhi nikafanya jaribio moja tu. Nikachukua rezista ya ohm 4.7, wati 10, nikaisolda palepale kwenye tokeo la bodi, nikaondoa nyaya za USB zote. Bodi inatoa ampea moja na kitu, karibu sawa na simu, lakini hakuna waya mrefu unaotoka. Kelele ya FM ikashuka sana. Haikuisha, lakini unaweza kusikiliza. Nikarudisha waya wa USB na simu, ikapanda palepale.

Kwa hiyo waya ni antena. Pigeni hesabu: wimbi la 90.9 MHz lina urefu wa mita 3.3, robo yake ni sentimita 82. Waya wa simu ni mita moja. Ningeambiwa nitengeneze antena ya kurushia kelele pale kinyozini, nisingepata kipimo kizuri kuliko hicho.

Nafunga kibanda, nitaendelea baadaye.

#2 KijanaWaBusia

Mkuu, swali la mwanafunzi. LM2596 inafanya kazi 150 kHz. 90.9 MHz ni zaidi ya mara 600 ya hapo. Inafikaje huko juu? Hiyo ya AM naielewa, hamoniki ya nne, yaani kasi hiyo mara nne, ni 600 kHz, ya tano 750, zote ziko ndani ya kioo cha AM. Lakini FM?

#3 MzeeWaMasafa

Kijana, umeuliza vizuri. Kengele ya kanisa ukiigonga mara moja kwa sekunde, je, unasikia sauti ya mara moja kwa sekunde? Unasikia sauti ya kengele yenyewe. Mgongaji anaamua inalia mara ngapi, si kwa sauti gani.

Swichi iliyo ndani ya chipu ndiyo mgongaji, mara 150,000 kwa sekunde. Kengele ni kitu ambacho hakimo kwenye mchoro: uwezo mdogo wa dayodi kuhifadhi chaji, pikofaradi mia hivi, pamoja na makumi ya nanohenri za njia za shaba na miguu ya vipuri. Hivyo viwili vinatengeneza sakiti ya mlio yenye sauti yake, kwa kawaida makumi ya MHz, na nyingine hupita 100. Kila swichi ikifunga, kengele inalia kidogo na kufifia. Ndiyo samaki wa kinyozi.

Na hata bila mlio, kasi ya ukingo ina hesabu yake. Volti ikipanda kwa nanosekunde 10, chukua 1 ugawe kwa pai mara huo muda, unapata kama 32 MHz. Chini ya hapo hamoniki zinapungua polepole, juu ya hapo zinaporomoka. Ukiweza kuupunguza ukali wa ukingo, umeteremsha kila kitu kilicho juu. Ila chipu hii haikupi mguu wa kufanyia hivyo, kwa hiyo unabaki na kuishughulikia kengele.

#4 BodaMalaba

Mimi nina Boxer, nimefunga chaja ya USB kwenye usukani na redio ndogo. Redio inapiga kelele. Ni hiyohiyo au ni plagi ya injini? Nijibuni kwa ufupi niko barabarani.

#5 FundiWaArua (mleta uzi)

BodaMalaba, simamisha pikipiki kwanza ndugu yangu, uzi hautakimbia.

Naendelea. Nikaipindua bodi na kuitazama kwa lenzi. Kabla ya kuongeza chochote nilitaka kujua mkondo unazunguka wapi. Kwenye bodi ya kushusha volti kuna vitanzi viwili. Swichi ikiwa imefunga, mkondo unatoka kapasita ya ingizo, unapita swichi, koili, hadi mzigo. Swichi ikifunguka, koili inaendelea kuvuta, mkondo unapanda kupitia dayodi. Mkondo wa koili haukatiki, unapanda na kushuka tu kama kifua cha mtu aliyelala. Kinachokatika ghafla ni mkondo wa swichi na wa dayodi. Huyu anaacha, yule anapokea, ndani ya nanosekunde chache. Ukivifuata hivyo viwili kwa kidole unapata kitanzi kimoja: kapasita ya ingizo, swichi, dayodi, kurudi kwenye kapasita. Hicho ndicho chenye moto. Ukubwa wa eneo lake ndio ukubwa wa kelele yako.

Kwenye bodi yangu kapasita ya ingizo ilikuwa moja ya elektroliti, imekaa pembeni, na ukifuata njia yake hadi kwenye mguu wa chipu ni karibu sentimita tatu. Kwa mkondo unaobadilika kwa kasi ile, sentimita tatu kwenda na nyingine kurudi ni safari ya kwenda Koboko na kurudi.

Nikang'oa kapasita mbili za kauri kwenye bodi ya laptop iliyokufa, 10 µF ya volti 25, na moja ndogo ya 100 nF. Kwenye LM2596 mguu wa 1 ni ingizo, wa 2 ni tokeo la swichi, wa 3 ni negativu, na ule mgongo mpana wa chuma nao ni negativu. Nikakwangua rangi ya kijani kati ya mguu wa 1 na shaba ya negativu iliyo karibu zaidi na dayodi, nikazisolda palepale, zimebebana kama mbuzi kwenye taksi ya mnadani. Hakuna waya, hakuna miguu.

Nikasikiliza. Nusu ya samaki wameondoka, kwa kapasita tatu zilizotoka kwenye taka. Zile 2200 µF zilikuwa kubwa kama kopo la nyanya na hazikufanya kitu.

#6 MamaSolda

Kaka FundiWaArua, kazi nzuri, ila weka onyo kabla watu hawajaunguza. Kapasita ya kauri haina ukinzani wa ndani wa kutosha. Ukichomeka umeme wa ghafla kupitia waya mrefu, waya ni koili, kauri ni kapasita, volti inaruka hadi karibu mara mbili ya ile ya chanzo halafu ndipo inatulia. Kwa betri ya 13 unafika 26, chipu inavumilia hadi 40, sawa, ingawa hizo kauri zako za volti 25 mimi ningezibadilisha na za 50. Lakini kuna watu wanaunga bodi hii moja kwa moja kwenye paneli. Paneli ya "volti 12" bila mzigo inatoa 21 au 22. Mara mbili ni 44. Chipu inakufa bila hata moshi, halafu unamlaumu aliyekuuzia.

Kwa hiyo ile elektroliti ya zamani usiitoe. Ukinzani wake wa ndani, ambao kwenye kelele ni mbaya, hapa ndio unaozima mruko. Ziache ziishi pamoja.

La pili. Una uhakika chipu yako ni LM2596 kweli? Nyingi zinazozunguka huku ni za kuandikwa upya. Huhitaji chombo chochote. Fungua AM, weka redio karibu na bodi yenye mzigo, sogeza mshale taratibu kutoka 600 hadi 1200, hesabu miluzi. Kwa 150 kHz utapata mitano tu: 600, 750, 900, 1050, 1200. Ukipata zaidi, rudi hapa utuambie.

#7 FundiWaArua (mleta uzi)

Dada, nimehesabu mara tatu. Kumi na mbili.

#8 MamaSolda

52 kHz basi. Gawanya uone: 52 mara 12 ni 624, mara 23 ni 1196, katikati hapo ni miluzi kumi na mbili kamili. Hiyo ni kasi ya LM2576, ya kizazi cha nyuma. Mtu kafuta jina kaandika jingine.

Na si suala la jina tu. Koili ya bodi hiyo ni 33 µH, imepangiwa 150 kHz. Kutoka volti 12.8 hadi 5, kwa 150 kHz mkondo wa koili unapanda na kushuka kwa ampea 0.6. Kwa 52 kHz ni karibu 1.8. Koili inapata moto, kiini chake kinashiba sumaku, kelele inazidi. Ishike kwa kidole uone.

#9 FundiWaArua (mleta uzi)

Nimeishika, nimeiachia haraka.

Aliyeniuzia simtaji, naye huenda kauziwa hivyohivyo. Nimepata nyingine kwa mtu anayezitoa kwenye vifaa vya zamani, hii ina miluzi mitano. Nimeiwekea kapasita za kauri kama zile, safari hii za volti 50 kama ulivyosema.

#10 KijanaWaBusia

Wakuu, lakini karatasi ya fedha kwa nini haikufanya kazi? Chuma si kinazuia mawimbi?

#11 MzeeWaMasafa

Kinazuia, kikiwa kimeungwa na negativu mahali pafupi, na kikiwa hakina matundu ya kupitisha nyaya zenye kelele. Fundi kaifunga bodi kama rolex ya chapati, yai limo ndani lakini vitunguu vinachungulia huku na huku. Kelele haikutoka kupitia karatasi, ilipanda kwenye waya wa USB ikatoka nao kupitia tundu. Ukifunika sufuria na kuacha mwiko ndani, mvuke unapita penye mwiko.

Halafu karatasi hiyo haishiki solda, hivyo pengine ilikuwa inaelea haijaungwa na kitu. Tumia kopo la maziwa ya unga. Bati lake lina ngozi ya madini ya solda, linashika vizuri.

#12 FundiWaArua (mleta uzi)

Sehemu ya osiloskopu sasa, kile chombo kinachochora volti kwenye kioo. Mimi sina. Rafiki yangu anafundisha umeme chuoni, akanikaribisha Jumamosi maabara ikiwa tupu.

Tukaweka ncha ya kipimo mguu wa 2 na kile kimamba cha negativu tukakibana kwenye skrubu ya ingizo. Kioo kikaonyesha miiba ya kutisha, hadi volti 30. Nikasema basi, hii bodi ni ya kutupa. Rafiki yangu akacheka. Akatoa kimamba na waya wake wote, akachukua uzi wa shaba, akauviringisha kwenye shingo ya kipimo pale penye pete ya negativu, akaacha ncha ya milimita tano, akagusisha negativu ya dayodi kabisa. Miiba ikashuka chini ya nusu. Waya wa kimamba ni sentimita kumi na tano za kitanzi zinazokusanya kelele hewani na kukuonyesha kwamba ziko kwenye sakiti. Miaka mingi nimesoma habari za mafundi wanaohangaika na miiba ya namna hii, sasa sina hakika wangapi walikuwa wanapima waya wao wenyewe.

Tulipopima vizuri, mlio ulikuwa unaonekana wazi: volti inapanda, halafu inatetemeka mara sita saba kabla ya kutulia. Tukahesabu, 80 MHz.

Hapo sasa ndipo pa kutengeneza snaba, yaani rezista na kapasita zimeungwa mfululizo, kutoka nodi ya swichi (ule mguu wa 2) hadi negativu, sambamba na dayodi. Watu wengi wanaweka thamani za kubahatisha. Kuna njia. Unaongeza kapasita peke yake sambamba na dayodi, unajaribu hii na ile, hadi kasi ya mlio ishuke nusu. Kwetu 330 pF ndiyo iliyoshusha kutoka 80 hadi 40. Mlio ukishuka nusu maana yake kapasita zote kwa pamoja zimekuwa mara nne, kwa hiyo uliyoongeza ni mara tatu ya ile iliyojificha. 330 gawanya kwa 3 ni 110 pF. Ukishajua hiyo na 80 MHz, koili iliyojificha inatoka kwenye hesabu: kama 36 nH. Rezista unayotaka ni kipeuo cha pili cha 36 nH gawanya 110 pF, inakuja 18. Ohm 18 zipo kwenye kila boksi la fundi. Kapasita ya snaba tukaweka 470 pF.

Tukasolda. Mtetemo mmoja, wa pili hauonekani vizuri, kimya. Rafiki yangu akapiga picha ya kioo akasema ataitumia darasani.

#13 MamaSolda

Hapo kwenye snaba watu wakumbuke joto. Kila mzunguko kapasita inajaa na kumwagika, na rezista ndiyo inayolipa. Nguvu ni C mara volti mraba mara kasi. Kwako 470 pF, volti 13, 150 kHz, ni miliwati 12, si kitu. Ila nimeona mtu kainakili snaba ya hivyo kwenye bodi ya chipu nyingine, MP1584, iliyowekwa 1.5 MHz, ingizo volti 28. Hiyo ni zaidi ya nusu wati kwenye kirezista cha ukubwa wa punje ya mtama. Kiliungua kikaacha alama nyeusi, na yeye akadhani bodi ina laana.

Jambo lingine ambalo nimelipata kwa kuumia. Nilijaribu kusafisha ingizo kwa koili ya 10 µH na kauri ya 10 µF, nikajipongeza. Nilipowasha, kitu kizima kikaanza kutoa sauti, mluzi wa kusikika kwa sikio bila redio. Nikaongeza kauri nyingine, ukabadilika tu toni.

Sababu ni hii. Bodi ya aina hii inashikilia nguvu ileile: volti ya ingizo ikishuka, inavuta mkondo zaidi. Kwa chanzo inaonekana kama rezista iliyogeuzwa, ya hasi. Kwa wati 10 na volti 13 ni kama ohm 17 za hasi. Kichujio changu kilikuwa na mwangwi wake karibu na 16 kHz na hakikuwa na cha kuuzima, basi bodi ikaulisha. R. D. Middlebrook wa chuo cha Caltech, Marekani, aliliandika jambo hili mwaka 1976, na bado tunaanguka humo kila siku. Dawa yake ni elektroliti ya 100 µF hivi, sambamba na ile kauri. Safari hii unaichagua kwa ajili ya ukinzani wake wa ndani, usinunue ile ya bei kali yenye ukinzani mdogo. Niliyoweka ilikuwa kuukuu. Mluzi ukafa.

#14 MpendaUtulivu

Nimesoma mpaka hapa nacheka. Weka chipu ya 7805 itoe volti 5, kazi imeisha. Haina swichi, haina mlio, haina snaba. Babu zetu waliishi bila 150 kHz.

#15 MamaSolda

Simu mbili, ampea 2. Kutoka 13 hadi 5 ni volti 8 za kutupwa, mara 2 ni wati 16 za joto. Chipu yenyewe imepangiwa ampea moja au moja na nusu. Utampikia kinyozi chai juu yake, na karibu theluthi mbili za jua lake zitakuwa zimeishia kwenye bati.

#16 MzeeWaMasafa

MpendaUtulivu hajakosea kabisa, kakosea mahali pa kuiweka tu. Kwa redio yenyewe ni sawa, ila iwe ndugu yake 7809, ya volti 9. Redio ile haivuti hata robo ampea.

BodaMalaba, umesimama? Zima injini, acha ufunguo umewashwa, simu ikiwa kwenye chaja. Kelele ikiendelea, ni chaja. Ikiisha, washa injini uvute gesi: mikwaruzo ikienda kasi na injini ni plagi, tafuta plagi au kofia ya plagi yenye rezista ndani. Kelele ya chaja haijui injini inakwenda vipi, inabadilika simu inapokaribia kujaa.

#17 BodaMalaba

Nimesimama kwa rolex. Ni chaja. Sasa nifanyeje, mimi si fundi wa kukwangua bodi.

#18 FundiWaArua (mleta uzi)

Kwako wewe, na kwa hatua ya mwisho ya kinyozi, jibu ni moja: feraiti. Lile bonge jeusi lililovimba kwenye waya wa skrini za kompyuta za zamani. Lipasue plastiki yake taratibu, ndani kuna bomba la kitu kama kaure nyeusi. Kivunjike kidogo si neno, kikipasuka katikati kitafute kingine.

Kwa nini hilo na si kapasita nyingine? Kelele iliyobaki kwenye waya wa USB ilikuwa inasafiri upande mmoja kwenye nyaya zote mbili kwa pamoja, chanya na hasi zikienda kama mapacha. Kapasita kati ya chanya na hasi haioni tofauti yoyote baina yao, kwa hiyo haifanyi kitu. Feraiti inaukamata waya mzima kutoka nje. Mkondo wa simu unakwenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, sumaku yake inajifuta ndani ya bonge, simu haihisi. Mapacha wanaokwenda njia moja ndio wanaobanwa.

Pitisha waya mara tatu ndani ya tundu kama unaweza. Kizuizi kinakua kwa mraba wa mizunguko, kwa hiyo mitatu inakaribia mara tisa ya mmoja. Usizidishe lakini, mizunguko ikirundikana kelele ya juu inaruka kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine bila kupitia katikati. Na uliweke mwanzoni kabisa, waya unapotoka kwenye bodi. Mimi mara ya kwanza nililiweka upande wa simu kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi, likawa pambo. Mita nzima ya antena ilikuwa bado iko nyuma yake.

Kwa kinyozi nimefanya hivi. Bodi imo ndani ya kopo la maziwa, negativu imesoldwa kwenye bati kwa mguu mfupi pale nyaya zinapotoka, na kila waya unaotoka una 100 nF kwenda kwenye bati papo hapo mlangoni. Feraiti mbili, moja upande wa betri, moja upande wa USB. Nyaya za betri, ambazo awali niliziacha moja huku moja kule kama ndugu waliogombania shamba, nimezisokota pamoja kuanzia benchi hadi kopo.

FM ni safi. Simu mbili zinachaji, na zile stesheni za ng'ambo zimerudi, nyingine na mikwaruzo yake ya kuzaliwa ambayo si yangu.

AM bado. Miluzi mitano ipo, midogo lakini ipo, ukiwa karibu. Nadhani ni koili ya bodi, ile ya pipa wazi lisilofunikwa, sumaku yake inamwagika pembeni, na kopo halijaizuia yote. Antena ya AM ndani ya redio ni fimbo ya feraiti, nayo inasikia sumaku tu. Nimeisogeza redio mwisho wa rafu nikaigeuza robo mzunguko hadi fimbo isielekee koili, ikatulia vya kutosha. Nikipata koili ya kufunikwa ya 33 µH, ampea 3, nitaibadilisha. Mwenye nayo anitafute.

#19 KijanaWaBusia

Na ile ya 7809 kwa redio, umeifunga?

#20 FundiWaArua (mleta uzi)

Nimeifunga jana. Volti 9 badala ya mawe sita. Kutoka 13 hadi 9 kwa robo ampea ni wati moja tu, nimeikalisha kwenye kipande cha bati. Usiku wa manane betri ikishuka karibu na 11 itaanza kuyumba, kwa sababu inataka kama volti 2 juu ya tokeo lake, lakini saa hizo kinyozi amelala. Na sasa kwa kuwa redio imeungwa na betri ileile ya chaja, ile kelele ya kupitia waya ambayo mwanzoni haikuwepo ingeweza kuanza kuwepo, kwa hiyo nimepitisha umeme wa redio kwenye koili ya 10 µH na 100 µF kabla ya 7809. Dada MamaSolda asiseme sikumsikia: elektroliti ni kuukuu.

Zile 2200 µF nimezirudisha kibandani. Kinyozi ameniuliza mbona nimetoa zile kubwa nikaweka zile ndogo, na kama bei itapungua.

#21 BodaMalaba

Nimepata bonge kwenye skrini iliyokufa kwa jamaa wa kafe ya intaneti. Waya umeingia mara mbili tu, wa tatu unagoma. Redio inasema. Nyinyi endeleeni na hizo nanohenri zenu, mimi nina abiria.